Kidato cha Themanini na Moja

Eleuterio husimama kidato cha themanini na moja,
mkoba wa barua begani, Valparaíso chini yake
ikianika mashuka. Husingizia kamba ya kiatu.

Si kichomi. Ni kama mtu amemkalia kifuani,
mnene, asiye na haraka,
na mkono wa kushoto umekuwa wa jirani.

Daktari Oyarzún alimchorea: mshipa huu,
mwembamba kama utambi; damu hupita kwa foleni,
msuli nyuma yake hula nusu shibe, kazi ni ileile.
"Ukipanda, unakudai. Ukisimama, unakusamehe. Kwa sasa."

Yeye tarishi anaelewa:
nyumba haifi siku barua inapochelewa.
Hufa polepole, taa moja moja,
mlango ungali na rangi yake.

Kidonge chini ya ulimi. Anasubiri.
Vimebaki mia na vinne.