Sekunde Nne za Baba

Walifika Jumanne, malori mawili na nyaya nene kama chatu,
wakauliza nani mwenye nyumba namba kumi na tisa.
Mama akafuta mikono kwenye aproni:
Mwenyewe simjui. Sisi tunailipia tu kila Ijumaa.
Wakacheka. Mmoja akaliandika neno hilo daftarini.

Mtaa wa Garnet, Thorsby, mwaka wa sitini na mbili:
nyumba zimeegemeana
kama walevi wanaosindikizana,
choo uani, bomba limevishwa soksi maji yasigande,
na mwisho wa mtaa kiwanda cha chuma
kilichotutafuna kwa zamu.

Walitaka kizingiti.
Mama aliamka saa kumi na moja alfajiri
akakisugua kwa jiwe hadi kikawa cheupe kama yai.
“Hapana, Bi Sugden,” alisema kijana mwenye skafu,
“sisi tunatafuta ukweli,”
akamwaga ndoo ya masizi.
Mama alikitazama
kama mtu aliyetemewa mate kanisani.
Walimpa shilingi kumi. Alizipokea.
Njaa mwana malegeza, wasema wasemao;
kwetu deni lilifika kabla ya njaa.

Waliazima birika, meza, kalenda ya duka la nyama.
Waliazima hata kikohozi cha mzee Braithwaite,
wakakinasa kwenye mashine, wakakipeleka London
kukipachika kifuani mwa mwigizaji.

Kisha jioni, langoni.
Wanaume mia mbili, watoke kama kila siku,
wasitazame kamera.
“Na msicheke!” kikaamrisha kipaza sauti.
Mwambie mtu asicheke, umeshampa sababu.
Baba alicheka. Kichwa nyuma, mdomo wazi,
pengo la jino likaonekana, kofia ikamtoka.
Jua lilikuwa limezama, hawakuweza kurudia.

Novemba baba akaenda. Kifua.
Daktari aliandika neno refu.
Kiwanda, tulipoomba fidia, kikaandika fupi.

Filamu ikaja Februari, sinema ya Tivoli.
Mwanamke mwenye vidole vilaini alisugua kizingiti chetu
akalia, na ukumbi mzima ukanong'ona:
“Birika la akina Sugden lile!”
Tulicheka pasipostahili,
tukanyamaza pale muziki ulipotuambia tulie.
Gazeti la London lilisifu:
maisha yasiyo na tabasamu, yameonyeshwa bila woga.
Mama alilisoma lote, kisha
akafungia maganda ya viazi.

Usiku sita alikwenda.
Aliingia karibu na lango, akatoka baada ya lango,
akalipa tiketi nzima kwa sekunde nne.
Mimi nilibaki na mdogo wangu Alma, nikihesabu:
moja, mbili, tatu, nne,
nikishangaa jinsi mtu anavyoweza kuingia humo.

Jumamosi ya mwisho alinichukua.
Lango likafunguka, viatu, moshi, mabega,
halafu picha ikaruka
na mtaa ulikuwa mtupu.
Mama alisimama gizani. Nyuma yetu mtu akasema kaa chini.
Hakukaa.

Mlangoni tulimkuta Ogden, mwendesha mitambo,
mtu ambaye hata salamu aliitoa kwa mkopo.
Alishika kopo la biskuti.
“Imekatika,” alisema, akitazama viatu vyake.
“Filamu nzee hukatika.”
Filamu yenyewe ilikuwa na wiki moja tu mjini,
na mkasi ulimchungulia mfukoni.

Picha tisini na sita. Nilizihesabu kwenye dirisha la jikoni
juu ya sinki, mwanga wa asubuhi ukipita ndani ya baba.
Hazisogei. Kila moja ina kicheko, hakuna yenye sauti.
Mama aliosha vyombo chini yake miaka ishirini na sita
na wala hakuwahi kuzipangusa vumbi; alizipuliza.

Sasa kopo liko kwangu. Wakati mwingine nalifungua,
napita picha moja moja kwa ukucha hadi ile ya mwisho.
Kofia iko hewani.
Haijafika chini.