Saa Kumi Kasorobo, Murghab

Betri nimeilaza kwapani kama kifaranga,
maana baridi ya huku hunyonya umeme kabla ya damu.
Mguu mmoja wa stendi ya kamera umevunjika;
nimeufunga kwa bandeji ya zahanati.
Yaki wa Sagynbai wanapumua gizani.
Mvuke wao ukipita mbele ya lenzi, nasubiri.

Zuhura imeshatoka juu ya mlima,
kali, nachelea itaniunguzia picha.
Juu yake Mirihi, punje ya dengu.
Juu zaidi Mshtarii, imetulia kama mwenye nyumba.
Na baina yao, ukiacha kukodoa ndipo unauona,
weupe ulioegemea upande,
si wingu, si mwezi,
si taa za malori yatokayo mpakani.

Sekunde ishirini na tano.
Kamera inafumbua jicho, mimi nabana pumzi.

Baba aliuita mkia wa mbwa mwitu.
Alfajiri ya uongo, alisema, husimama wima;
ya kweli hutambaa chini, pembe hadi pembe.
Ramadhani moja iliyoangukia Septemba
Mamatkerim akatugongea dirisha:
Wekeni vikombe, kumekucha!
Baba akachungulia nje,
akajimiminia chai nyingine, ya maziwa na chumvi,
akainywa polepole, jirani akimtazama kiooni.
Hawakusemezana tena.
Miaka tisa. Hadi siku Mamatkerim
alipokuja, bila kuitwa, kushika jeneza.

Naangalia skrini. Umo.
Vumbi tu, nimesoma, vumbi lielealo kati ya sayari,
limepigwa na jua ambalo kwetu bado halijachomoza.
Kwa vumbi hili watu wazima walinuniana.

Mama anatoka na birika la udhu.
Mtoto wa jicho amemtanda macho yote mawili.
Namsogezea kamera mpaka puani.
"Sioni kitu, Nurjamal."
Naongeza mwanga. Naongeza tena,
hadi picha inachafuka chembechembe kama uji wa mtama.
"Ahaa," anasema. "Kumbe kamelala hivi."
Kidole chake kinafuata ule mshazari, kinapitiliza fremu.

"Kampelekee Mamatkerim. Asubuhi.
Wala usimwambie neno."

Kisha, akikunja mikono ya gauni:
"Ya kweli imefika?"
Natazama chini kabisa, penye ukingo wa mlima.
"Bado, mama."

Betri inazima.
Nairudisha kwapani.