Mweka Hazina Anajibu Barua

Theluji imeziba dirisha mpaka kwenye komeo.
Nimebandika kahawa, nimevaa soksi mbili mbili,
mbele yangu bahasha thelathini na tisa
zinazosubiri majibu ya mkono,
kwa kuwa Ozelie, mwenyekiti wetu,
hataki shukrani ya kupigwa chapa.

Bwana Cormier wa Moncton, dola kumi na moja zimefika.
Kila mwezi kumi na moja; si kumi, si kumi na mbili.
Sikuwahi kuuliza. Ndipo Machi ukaandika nyuma ya hundi
kwamba mdogo wako alizama katika mfereji wetu
akifukuza bata, naye ana miaka kumi na mmoja.
Hundi ile nilikaa nayo siku nne
kabla ya kuipeleka benki.

Samani za Léger na Wanawe: asanteni kwa elfu ishirini.
Ubao wa jina lenu tuliusimamisha kama mlivyoagiza,
herufi za dhahabu, urefu wa mtu.
Barafu ikaung'oa. Tuliukuta kwa Theotime,
ng'ombe wake wakijikuna nao mbavu.
Tutausimamisha tena. Ng'ombe watasikitika.

Nimejifunza jambo katika kazi hii isiyo na mshahara:
nikiandika korongo, pesa huja mbio;
nikiandika bima, watu hukumbuka wana mikopo.
Nani atoe sadaka ya wino?
Nani amlilie wakili, kufuli, stempu,
mpima ardhi na buti zake?
Haba na haba, sawa, hujaza kibaba.
Lakini kibaba chenyewe, jamani, nani hukinunua?

Maana tulikuwapo kabla ya pesa, msidhani.
Watu wanane, chupa moja ya chai,
ramani iliyochorwa mgongoni mwa kalenda.
Kilima cha Robichaud tulikipigania hivyo.
Tulisimama ukumbini, tukasema kwa uchungu,
Ozelie akalia mbele ya diwani.
Tulikuwa na haki. Hatukuwa na karatasi.
Leo pale juu pana nyumba kumi na nne za likizo
na taa zinazowaka usiku kucha bila mtu ndani.

Mwaka uliofuata ikaja hundi yako, Bi Hedvig,
mwalimu mstaafu, usiyewahi kukanyaga tope letu,
na mstari mmoja tu:
"Itumieni kwa lile lisilopendeza."

Tukamwajiri Delphine, siku mbili kwa juma.
Akatembea mipaka yote, maji kiunoni,
akafukua vigingi vya zamani chini ya vichaka,
akawabembeleza wazee watatu watie saini
kwamba mashamba yao ya nyasi za chumvi
hayatajengwa, wao wakiwapo ama wasipokuwapo.
Karatasi zote akazitia katika meza ya chuma
iliyotugharimu dola mia mbili na bawaba mbovu.

Septemba akaja mnunuzi mwingine,
na mwanasheria mwenye viatu vya mjini.
Sote tulijiandaa kupaza sauti.
Delphine akavuta mtoto wa meza,
akatoa faili, akalifungua, akanyamaza.
Dakika ishirini. Kisha jamaa akavaa koti.
Theotime alikuwa ameandaa hotuba;
akaenda kuwasomea ng'ombe.

Bi Hedvig, binti yako ameniandikia
kwamba siku hizi hukumbuki ulimpa nani nini,
nisijisumbue.
Najisumbua.
Pesa yako imekuwa bawaba mpya,
na bima ya miaka miwili,
na Jumanne na Ijumaa za Delphine.
Sina picha nzuri ya kukutumia.
Bata wapo; sijawahesabu.