Saa Mbili, Lutoboka

Nahodha alitangaza kwa kipaza sauti kinachokwaruza:
"Tunakaa saa mbili." Mama akauliza,
mbili za kukaa, au saa mbili ya usiku?
Watu wa sitaha ya chini wakacheka.
Baba hakucheka. Alitazama saa yake ya mkono,
akatupanga mstari penye ngazi,
akatuhesabu kama alivyotuhesabu kambini:
Onzima, Ayikoru na mwanawe mgongoni, mimi,
na Mama wa mwisho, mbeba chapati.

Ilikuwa pesa ya kiinua mgongo.
Miaka thelathini na mmoja ya bunduki begani
imegeuka tiketi tano za meli na soda zenye joto,
kwa sababu Ayikoru alisoma mahali fulani
kwamba kuna familia hupanda meli kwa raha tu,
hushuka bandari ndogo, hupiga picha, hurudi.

Bandari yenyewe: gati moja la zege,
mbuzi amelala juu ya mizani ya samaki,
kibanda cha muda wa maongezi, rangi ya njano,
lori limesheheni mikungu ya chikichi,
myekundu, ya miiba, kama nungunungu walioiva.
Msichana wa karai akatusalimu kwa Kiganda.
Tukajibu kwa Kiswahili chetu cha kambi.
Akarudi nyuma hatua moja.
Kisha akamwona mtoto, akalegea, akatuuzia
mukene wa kukaanga kwenye karatasi ya daftari;
chini ya mafuta, hesabu ya mtu:
kumi na tatu mara saba, imekosewa.

Tumbili akatunyang'anya chapati mbili.
Onzima alipiga picha mpaka simu ikazima.

Honi ya kwanza. Tukajihesabu wenyewe,
sauti hazijui zianzie kwa nani.
Baba hakuwepo.

Nilimkuta nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa,
suruali imekunjwa hadi magotini,
buti zimesimama kando, ncha mbele, kamba ndani,
na miguu yake majini.

Sikuwahi kuiona miguu ya Baba.
Nyumbani alilala na soksi. Tulidhani ni nidhamu.
Wa kushoto una vidole vitatu.
Visamaki vilikuwa vikipapasa pale penye pengo,
naye ameviacha.

Sikuuliza. Yeye hakuficha.
"Maji haya si baridi," alisema.
"Miaka yote hii nilidhani ni baridi."

Honi ya pili.
"Baba, saa mbili zimekwisha."
Akatazama jua, limepita utosi kidogo tu,
akaivua saa ya mkono, akaitumbukiza ndani ya buti.
"Nahodha alisema saa mbili," akasema.
"Hii ni saa nane. Giza liko wapi?"

Nikavua sapatu zangu.
Kutoka gatini nilimsikia Mama
akibishana na mtu wa kamba za meli,
kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, bila aibu,
akimlisha chapati ya mwisho.