Upande wa Nyuma

Tulisikia vitu vya nyumba ya meneja vinauzwa,
kule juu, chai inapoishia na mipaini kuanza.
Nikatoka Iringa, nikadandia lori la mbao pale Mafinga,
laki tano zimekunjwa ndani ya soksi.

Makabati yalikwishabebwa. Sahani zilikwishakwenda.
Lilibaki hilo, nyuma ya mlango wa stoo,
limeviringishwa, limefungwa kamba ya katani kama mtuhumiwa,
na juu yake kuku ametaga.

"La Uajemi hilo," akasema Ngwada, mwenye funguo.
"Lina miaka mia na ushei.
Ukiliosha tu, mama..."
Nikamwambia alifungue, ya kuosha aniachie.

Likafunguka kwa vumbi na harufu ya panya,
kisha, taratibu, kwa wekundu.
Si wekundu wa bendera wala wa nyanya;
ule wa udongo wa Ifunda mvua ikishapita,
na katikati bluu nzito,
bwawa la maua yasiyoota huku.

Uajemi siujui.
Ninajua kikapu.
Nimelelewa miguuni pa mwanamke asukaye milulu,
na hivi ndivyo alivyonifundisha kununua:
usitazame uso, uso hupakwa poda.
Pindua.

Nikapiga magoti, nikapindua.

Mafundo. Madogo kama punje za ulezi,
yamebanana safu kwa safu, wala hayakulingana
(la mashine hulingana hadi likachosha):
hapa mkono ulikaza, hapa ulilegea,
hapa labda mtoto alilia.
Na kwenye theluthi, ghafla, wekundu ukafifia
mstari mzima, pindo hadi pindo;
rangi ya chungu cha kwanza iliisha
na chungu cha pili kikakataa kufanana nacho.
Hapo ndipo nilipolitaka.

"Milioni moja na nusu."
Nikacheka. Nikamwonyesha matundu ya nondo,
matamvua yaliyoliwa, doa la chai, kinyesi cha kuku.
Kila nilichokipenda nilikidharau kwa sauti.
Tuliachana mara mbili, akaniita mara mbili.
Laki nne na sabini. Na kamba juu.

Kihwele hakuniuliza habari za safari.
"Laki nne na sabini, kitu cha kukanyaga!
Mashine Tatu wanauza mapya, yana simba,
elfu sitini!"
Nikamwambia simba wake watanyonyoka kabla ya Krismasi.
Tukalitandika. Baridi ya saruji ya Juni,
ile inayopanda hadi magotini,
ikanyamaza.

Jumapili akaja mama.
Hakulikanyaga. Alizunguka kando ya ukuta
kama apitaye penye mahindi ya mtu,
akaketi sakafuni, akashika pembe, akapindua.
Ana miaka themanini na miwili,
macho yake yamehamia vidoleni.

Alikaa kimya muda wa kuivisha ugali.
Kisha kidole kikasimama penye kiraka
ambacho mimi, mjuzi, sikukiona:
uzi wa gunia, mshono wa kuzungusha,
ule tunaofungia mdomo wa kikapu.
"Huyu si wa huko. Huyu wa kwetu."
Mpishi? Yaya? Mtu aliyeambiwa tu, ziba hapo,
naye akaziba kama wanavyoziba kwao.

Akarudi kwenye mafundo ya yule mwingine,
akayahesabu upana wa kidole gumba, akapoteza hesabu,
akaanza upya.
"Hii ni miaka," akasema. "Hii ni mwanamke na miaka."
Halafu, bila kuinua uso:
"Walimlipa ngapi?"

Nilikuwa nimeiandaa hadithi ya Ngwada,
jinsi nilivyomshusha, jinsi alivyoniita,
ilikuwa imeshafika mdomoni.

Nikainuka kuongeza mkaa.