Ukurasa Shilingi Mia

Magesa alikuja na riwaya yake kwenye flashi,
kurasa mia mbili na kumi na nne,
akaomba niichape, niifunge kwa uti wa plastiki.
Nje, Kirumba ilinuka dagaa na lami ya moto.
Karatasi zikawa zinatoka na joto lake, kama chapati,
nami nikaanza kusoma. Ndivyo nilivyo, nasoma vya wateja.

Humo mna kibanda cha vioo pale Kigongo.
Mtu anaingia, mwanga unampitia unyayo hadi utosi,
na kabla hajamaliza kupiga chafya
yuko Busisi, chafya inamalizikia huko.
"Tulikuwa na kivuko," Magesa akasema,
"likaja daraja. Imebaki hatua moja."

Nikamuuliza: na yule wa Kigongo?
"Yupi?"
Aliyeingia kibandani.
"Si ndiye huyohuyo aliyetokea Busisi!"

Kaka, mwaka wa kumi na moja huu nafunua kifuniko hiki.
Naweka cheti cha mtu juu ya kioo, taa inapita chini yake
kama anayetafuta sarafu uvunguni,
nakala inatoka. Cheti kipo palepale.
Hakijaenda popote.
Kila wiki kuna anayekimbia na nakala, akasahau asili.
Nina droo imejaa: vyeti vya kuzaliwa,
hati ya kiwanja cha Buswelu,
talaka moja.
Mashine yako, ili isiache kitu kiooni,
lazima ikichome.
Umeandika wapi nani anawasha kiberiti?

Akacheka. Chembe ni chembe, akasema,
maji ya ziwa hayaulizani yametoka mto gani.
Akili nayo ni mpangilio tu; ukiunakili bila kosa,
na kovu lake, na deni lake la dukani,
nani atajua tofauti?

Nilitaka kusema, atajua aliyebaki kiooni.
Badala yake nikamtajia jina langu.
Doto.
Akanyamaza. Mtu wa Ukerewe, lakini amekaa na Wasukuma
vya kutosha kujua Doto hazaliwi peke yake.

Kulwa aliondoka tukiwa na miaka saba. Homa, siku tatu.
Msibani walinishika kichwa,
wakamwambia mama: jikaze, Mungu kakuachia nakala.
Uso uleule. Hata pengo la jino.
Mama akanitazama kama asomaye maandishi madogo,
akasema: Nilizaa wawili.
Jioni akaniita kwa jina la Kulwa, bila kukusudia,
na mimi nikaitika.

Hapo umeme ukakatika.
Ukurasa wa mwisho ulikuwa nusu nje, nusu ndani.
"Usiuvute," Magesa akasema haraka, "utachanika."
Tukakaa tukiutazama:
mistari ya juu imeshafika,
ya chini iko mahali ambapo hata yeye, mwenye riwaya,
hakuwa amepapa jina.