Sampuli ya Thelathini na Saba

Februari, ukumbi wa zimamoto, kijiji cha Lhota huko Moravia.
Theluji imepanda hadi kizingiti cha dirisha,
nasi waamuzi kumi na wawili tumeketi
mbele ya vibilauri visivyozidi kimo cha kidole gumba.
Chupa zimevuliwa majina, zimevikwa namba.
Humu hakuna mtoto wa diwani wala shemeji wa padri.
Kuna namba, na pua.

Alama ni ishirini:
mbili za mwonekano, nane za harufu, nane za ladha,
mbili za kile fomu inachokiita "utangamano",
neno ambalo kwa miaka kumi na sita
sijaona watu wawili wakilielewa sawasawa.

Kulia kwangu Květoslav, aliyefundisha hesabu,
anatikisa chupa, anahesabu shanga za povu
zinavyokawia kupasuka.
Kushoto Bohumila mfuga nyuki:
huandika kwa penseli, hufuta, huandika tena kilekile.
Mimi ni mfamasia. Mwaka mzima kazi yangu ni kupima
kisichopaswa kuzidi.

Za mwanzo plamu, plamu, plamu.
Moja imenenepeshwa kwa sukari; nikaijua
kama unavyomjua mwongo, inakubali haraka mno.
Ya kumi na tisa peasi,
tamu kama barua ya mtu asiye na nia ya kuja.
Ya ishirini na nne aprikoti, Bohumila akafumba macho.
Ya thelathini ilinuka gundi.
Tukapeana mkate mkavu, kipande cha tufaha, maji.

Kisha hii.

Nikadondosha tone kiganjani, nikasugua,
nikangoja kileo kijiendee zake.
Ikabaki plamu. Kisha ganda. Kisha lozi ya kokwa.
Kisha, nyuma kabisa, kama mtu anayekohoa chumba cha pili,
moshi.

Nikaujua mti.
Ule wa nyuma ya zizi, uliopasuliwa na radi
mwaka aliozaliwa mdogo wangu Oldřich;
nusu ikafa, nusu ikazaa kwa hasira
plamu ndogo za ngozi nene, zinazoiva zimekunjamana.
Na moshi niliujua pia. Ni wa baba,
asiyejua kungoja, aliyeongeza kuni mwishoni
ili awahi kulala, rojo likashika
chini ya mtungi wa shaba.
Oldřich karithi mtungi, karithi na haraka.

Hatujasemezana miaka tisa, mimi naye.
Kisa ni uzio. Mita mbili na robo.

Kanuni ya nne: mwamuzi akiitambua chupa, ainue mkono.
Mkono wangu ulikuwa juu ya fomu, ukakaa hapohapo.
Ningeweza kuandika kumi na tisa, iwe samahani.
Ningeweza kuandika tisa, moja kwa kila mwaka.
Niliandika kumi na nne, kwa sababu ilikuwa kumi na nne.
Na chini, penye maoni, kwa mwandiko
ambao hata kipofu wa kwetu angeutambua:
*Punguza moto nusu saa kabla ya mwisho.*

Novemba, nikiwa stoo natafuta dawa ya kikohozi,
kengele ya mlango ililia mara mbili,
ya kuingia na ya kutoka, karibu pamoja.
Juu ya kaunta chupa, haina jina, haina namba.
Nje, nyayo kwenye tope, zimepishana mno
kama za mtu anayejizuia kukimbia.

Usiku nilimimina, nikangoja, nikanusa.
Safi. Plamu, ganda, lozi ya kokwa.
Nikaenda nyuma kabisa, kile chumba cha pili,
nikasikiliza.
Hapakuwa na aliyekohoa.

Nilikuwa na fomu moja iliyobaki droo ya jikoni.
Mbili, nane, na nane:
sikumpunja, wala sikumpendelea.
Utangamano nimeuacha wazi.
Fomu iko palepale, imeinamiwa na chupa,
na kila nikipita nanyanyua penseli.